Futi 400 kutoka wapi?

Leo tuache kidogo mambo ya programu za kompyuta tuzungumzie droni, ingawa mtaona mwishoni kwamba programu zenyewe hazikwepeki.

Wengi wenu mnaijua kanuni moja ya droni: usipite futi 400, yaani mita 120 hivi. Droni nyingi za dukani huja na kikomo hicho tayari kwenye programu yake. Swali ambalo watu hawaulizi sana ni hili: futi 400 kutoka wapi? Jibu lake lina historia, na mahali pazuri pa kuielezea ni Mtito Andei.

Kwa nini Mtito Andei? Mji huu uko karibu na katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa, kaunti ya Makueni. Jina lake hutafsiriwa kutoka Kikamba kuwa msitu wa tumbusi, kwa hiyo mambo ya kuruka hayakuanza jana. Hapo ndipo penye malango ya Tsavo Magharibi na Tsavo Mashariki. Upande wa magharibi ardhi inapanda kuelekea milima ya Chyulu, ambayo kilele chake kina mita 2,188 juu ya bahari. Upande wa mashariki inashuka hadi mto Athi, kisha inainuka tena kwenye uwanda wa Yatta, ambao ni lava iliyoganda yenye urefu wa karibu kilomita 300. Ng'ambo ya huko ni Kitui. Ukiruka kilomita chache tu kutoka mjini, ardhi iliyo chini yako si ile uliyoiacha. Shikilieni hilo, tutalirudia.

Tuanze na sheria. Desemba 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, nchi zilikutana Chicago na kutia sahihi mkataba wa usafiri wa anga. Kifungu cha 8 kinahusu ndege isiyo na rubani: isiruke juu ya nchi nyingine bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Ndiyo, mwaka 1944! Baadaye kanuni za kimataifa zilisema kwamba rubani anayeruka kwa kuona kwa macho, nje ya miji, asishuke chini ya futi 500 kutoka ardhini, isipokuwa anapopaa, anapotua, au akiwa na ruhusa.

Mwaka 1981 Marekani ilitoa ushauri kwa watu wa ndege za mfano, wale wanaorusha vindege vya rimoti siku za mapumziko: msipite futi 400 kutoka ardhini. Ushauri ule baadaye ukawa kipimo cha nchi nyingi. Hesabu yake ni rahisi. Ndege zenye watu ziko juu ya 500, vindege viko chini ya 400, na katikati kuna futi 100, kama mita 30, za usalama. Ni kama barabara yenye njia mbili na kisiwa katikati.

Hesabu hiyo ni nzuri mahali ambapo hakuna rubani anayeshuka chini ya 500. Tsavo si mahali hapo.

Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na David Sheldrick akawa mkuu wa upande wa Mashariki kwa miaka mingi, hadi 1976. Eneo ni kubwa mno kulindwa kwa miguu na magari peke yake, kwa hiyo ndege ndogo zikawa kifaa cha kazi. Kuanzia miaka ya 1960 ndovu wa Tsavo wamehesabiwa kutoka angani. Hesabu ya 1988, baada ya miaka ya ujangili mkali, ilipata ndovu wapatao 5,400 tu. Ya 2014 ilipata karibu 11,000, na ya 2021 karibu 15,000. Tunajua kwamba ndovu wameongezeka kwa sababu kuna watu walioruka chini na kuwahesabu.

Waliruka chini kiasi gani? Kazi ya kuhesabu wanyama hufanywa kati ya futi 200 na 400 hivi kutoka ardhini, kwa ruhusa, maana ukiwa juu zaidi humwoni mnyama chini ya mti. Doria ni hivyo hivyo. Shirika la KWS, Tsavo Trust na Sheldrick Wildlife Trust hutumia ndege ndogo katika eneo hili, zikiwemo Super Cub, ambazo husifika kwa kwenda polepole na kutua kwenye kiwanja kifupi. Kwa maneno mengine, hapa yule mwenye rubani yuko ndani ya njia ya droni. Kile kisiwa cha futi 100 hakipo.

Sasa ingiza droni ya dukani. Phantom ya kwanza ya DJI ilitoka Januari 2013, na ilikwenda mita mia chache tu. Kenya haikuchelewa kuona faida. Miaka hiyo hiyo Mara Elephant Project ilianza kutumia droni kuwaondoa ndovu mashambani, na Ol Pejeta kule Laikipia ikajaribu droni ya kulinda vifaru. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Tanzania, pembeni mwa Tarangire na Serengeti, ulionyesha kwamba droni huwafukuza ndovu vizuri sana. Sababu moja inayotajwa ni mlio wake, unaofanana na wa nyuki, na ndovu anawaogopa nyuki. Mkulima wa Makueni au Kitui aliyewahi kuamka na kukuta mahindi yamelala chini hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Serikali ilikwenda kwa tahadhari. Mwaka 2014 mipango ya binafsi kama ule wa Ol Pejeta ilisimamishwa, na Januari 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, yaani KCAA, ikaonya kwamba asiye na kibali asirushe. Kanuni za kwanza zilitoka 2017, Bunge likazifuta 2018. Zinazotumika zilichapishwa Machi 2020: sajili droni, usipite futi 400 kutoka ardhini, kaa mita 50 mbali na watu na majengo yasiyokuhusu, kaa mbali na viwanja vya ndege, na uione droni yako kwa macho yako mwenyewe isipokuwa umepewa ruhusa ya zaidi. Mbugani unahitaji pia kibali cha KWS.

Lakini wakati sheria inakwenda na kurudi, umbali ulikuwa unakua. Mavic Pro ya 2016 ilitangazwa kufika kilomita 7. Mavic 3 ya 2021, kilomita 15. Hizo ni namba za mtengenezaji, mahali pasipo na vizuizi, lakini mwelekeo uko wazi. Redio imekua, macho hayakukua. Droni ndogo ikifika nusu kilomita ni nukta tu, na baada ya hapo unaiendesha kwa kuamini namba zilizo kwenye skrini.

Na hapa ndipo lile swali letu linapouma. Droni nyingi za dukani hupima kimo kwa kupima kanieneo ya hewa. Ukipanda mita 8 au 9, hewa inapungua hektopaskali 1. Inapowashwa, droni inasema: hapa nilipo ni sifuri. Kila namba inayofuata inahesabiwa kutoka hapo. Sheria inasema kutoka ardhini, droni inasema kutoka ulipopaa. Kimo halisi ni:

kimo halisi = kimo cha skrini + mwinuko wa ulipopaa - mwinuko wa chini ya droni

Tuchukue mfano wa kubuni. Unapaa mahali penye mwinuko wa mita 750, unapanda hadi 120, unaelekea Chyulu. Ardhi ya mbele ikiwa 860, skrini bado inasema 120 na wewe uko mita 10 juu ya ardhi. Ukiendelea, unagonga. Geuza sasa: unapaa juu ya kilima cha mita 900 kuelekea bondeni penye 750. Skrini inasema 120, kikomo cha programu kimeridhika, kumbe uko mita 270 juu ya ardhi, zaidi ya futi 880. Umevunja sheria bila onyo hata moja, na uko anga ya ndege zenye watu. Super Cub ikija kwa kilomita 130 kwa saa inakula mita 36 kila sekunde. Rubani akikiona kidude chako akiwa mita 200, ana sekunde kama tano na nusu.

Dawa ya sehemu ya tatizo hili ipo, na ni ya bure. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada. Data za kina za Afrika, nukta moja kila mita 30, zilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Programu yoyote inaweza kuzisoma na kukuambia mwinuko wa ardhi iliyo chini ya droni. Si kamili, lakini ni bora kuliko kujifanya kwamba Makueni yote ni uwanja wa mpira.

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika programu za droni, ombi langu ni moja: wekeni namba mbili kwenye skrini, ya kutoka ulipopaa na ya kutoka ardhini, na kikomo kifuate ya pili. Na wewe unayerusha karibu na Tsavo, kwanza pata vibali, pili waulize wenye ndege za doria wanaruka lini. Data za rada zitakuambia kilima kiko wapi. Ndege iliyo na mtu ndani yake haimo kwenye ramani hiyo.