Pigo Liko Wapi?

Novemba 1905, mjini Leipzig, Gustav Mahler aliketi kwenye piano akapiga sehemu ya kwanza ya Simfonia yake ya Tano. Mashine ya Welte-Mignon, iliyotolewa mwaka uliotangulia na Edwin Welte na Karl Bockisch wa Freiburg, ilinasa kwenye karatasi kila kidole kiligusa lini. Pigo liko wapi, haikujua, wala haikuhitaji kujua. Karatasi ikizunguka, piano ilijipiga yenyewe, haraka na madaha ya Mahler yakiwemo.

Swali hilo lilizuka upya baadaye sana. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine ya ngoma LM-1, iliyoweza kusogeza kila mdundo ulioteleza hadi kwenye mstari wa pigo au wa sehemu yake ulio karibu, kazi ambayo watu wa studio huiita kukwantaiza. Mwaka 1983 ikaja MIDI, lugha ya pamoja ya vinanda vya kampuni mbalimbali, na saa yake ya tiki 24 kwa kila pigo. Aliyefuata metronomu alinyooshewa makosa madogo. Aliyepiga huru aliharibiwa kazi.

Hesabu ya uharibifu huo ni fupi. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500 na robo yake 125. Mpigaji akipunguza hadi mapigo 100, pigo huwa milisekunde 600. Mashine iliyong'ang'ania 120 huona pigo lake limechelewa kwa milisekunde 100, hulisukuma kwenye robo inayofuata. La pili, lililochelewa kwa 200, hulitupa robo mbili mbele. Madaha yamegeuzwa kuwa mdundo mwingine kabisa!

Dawa ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Mwaka 1976, katika jarida la Nature, Christopher Longuet-Higgins, mkemia aliyehamia utafiti wa akili, alieleza programu iliyobashiri pigo lijalo. Noti ikiangukia karibu na ubashiri, ilihesabiwa kuwa ndiyo pigo, na urefu wa pigo ukarekebishwa papo hapo. Ikiwahi mno, pigo liligawanywa mara mbili au tatu. Aliijaribu kwa wimbo wa cor anglais katika opera ya Wagner, Tristan und Isolde, unaopulizwa bila ala nyingine ya kuushikia mwendo.

Faili sanifu la MIDI la 1988 liliweza kubeba mabadiliko ya mwendo, pigo likipimwa kwa maikrosekunde. Siku hizi mpigaji anaweza kurekodi bila metronomu, kisha akasikiliza huku akibonyeza kitufe penye kila pigo. Noti hubaki zilipo. Mistari ya mapigo ndiyo inayohama kuzifuata, na kukwantaiza huanza baada ya hapo.