Injini za Kusagia Unga, Kutoka Dursley Hadi Endebess

Historia ya injini hizi haianzi kwenye chuma, inaanzia kwenye mahindi. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ya Kenya ilianza kuwagawia wanajeshi Waingereza waliotoka vitani mashamba katika nyanda za juu, Trans Nzoia ikiwemo, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi ya huko yakapata njia ya kwenda sokoni. Vibarua na maskwota walilipwa mshahara mdogo na kuongezewa posho ya unga. Unga lazima usagwe, na mashamba ya Endebess, huko Trans Nzoia, hayakuwa na umeme.

Karibu na mwaka 1930, kampuni ya R. A. Lister ya Dursley, Uingereza, ilianza kuuza dizeli yake aina ya CS, iliyowashwa kwa hendeli hata asubuhi ya baridi. Toleo la 6/1 lilitoa nguvu za farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika. Pembeni yake husimama pipa la maji: maji yaliyopata moto kwenye silinda hupanda juu ya pipa, yaliyopoa hurudi chini, wala hakuna pampu.

Kwa nini injini hizi zimedumu hivyo? Wengine husifu uzito wa chuma cha kusubu. Ni kweli kwa kiasi, lakini injini nyingine nzito zimekwisha kusahaulika. Naona mwendo wa polepole una uzito zaidi katika hoja hii, pamoja na ukweli kwamba fundi mwenye spana chache aliweza kuzifungua na kuzifunga.

Baada ya uhuru mashamba makubwa mengi yaligawanywa, familia nyingi za Wabukusu zikahamia kutoka Bungoma, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu chotara H611. Mavuno yaliongezeka na vinu vikazidi. Wapo wanaosema udhibiti wa serikali juu ya biashara ya mahindi, uliolegezwa kabisa mwaka 1993, ndio uliovilinda vinu vidogo. Mimi nadhani mama mwenye gorogoro mbili za mahindi yake angekwenda kinuni hata bila sheria hiyo.

Mahitaji ya vinu yalileta pia nakala za Lister zilizotengenezwa Rajkot, India, na hapo bei ya injini kuukuu ikawa na utata. Kibati cha shaba chenye namba husaidia kutambua injini halisi, ila kibati huhamishika. Mnunuzi mwangalifu hufungua kifuniko cha chini na kupapasa ndani, maana nakala nyingi zilitoka kiwandani zikiwa bado na mchanga wa kalibu. Kisha huugonga mwili wa silinda kwa nyundo ndogo. Mlio mkavu, usiovuma, huashiria ufa, na chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Kukichomelea kunahitaji kukipasha moto kwanza, na si kila fundi anaweza. Silinda nzima na shafti ambayo haijalika ndizo hulipiwa. Vilivyobaki hupimwa kwa kilo.

Mradi wa kusambaza umeme vijijini ulioanza 2015 uliviingiza vinu vingi kwenye mota, na dizeli nyingi zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Biashara hiyo ilipigwa marufuku Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, ikafunguliwa tena Mei mwaka huohuo. Baadhi ya wenye vinu hawakuuza: stima ikipotea jioni, hendeli inachukuliwa ukutani na foleni inaendelea.