Nafasi ya Mtoto Mwenye Ulemavu katika Darsa: Historia Yetu Inatufunza Nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Katika miji na vijiji vyetu wapo wazazi wanaompeleka chuoni mtoto asiyeona, asiyesikia au mzito wa kufahamu, wakarudishwa naye nyumbani. Huambiwa kwa upole kuwa mtoto huyu hana dhambi, kalamu haimwandikii, basi wamwache apumzike. Maneno haya yana sura ya huruma. Lakini je, ndivyo walivyofanya waliotutangulia? Na je, ndivyo wasemavyo mafaqihi? Suala la watoto hawa kusoma pamoja na wenzao, ambalo leo huitwa elimu jumuishi, huzungumzwa kana kwamba ni jambo geni lililotoka ng'ambo. Tumeona ni vyema tuliangalie kwa upande wa historia, kisha kwa upande wa fiqhi.

Ibn Ummi Maktum (R.A.)

Kila aliyesoma Juzuu Amma anakijua kisa kilichoteremshiwa Surat Abasa. Kipofu alikuja kutaka mafunzo wakati Mtume (S.A.W.) akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, na Qur'ani ikabainisha kuwa mwenye kuja kwa ajili ya kujitakasa ndiye mwenye haki zaidi ya kusikilizwa. Wengi wetu huishia hapo. Tukiendelea na maisha ya Swahaba huyu tunakuta makubwa zaidi. Katika Sahih al-Bukhari, al-Baraa bin Azib (R.A.) anaeleza kuwa wa kwanza kuwafikia watu wa Madina kabla ya Hijra walikuwa Mus'ab bin Umair na Ibn Ummi Maktum, nao wakiwasomesha watu Qur'ani. Kwa hiyo miongoni mwa walimu wa mwanzo wa Madina alikuwemo mtu asiyeona.

Baadaye akawa muadhini pamoja na Bilal (R.A.). Adhana ya Alfajiri yahitaji mtu auone mwanga wa asubuhi, naye haoni. Hakuondolewa katika kazi hiyo. Imepokewa kuwa alikuwa haadhini mpaka aambiwe kwamba kumepambazuka. Vilevile Mtume (S.A.W.) alipotoka safarini alipata kumwacha Madina awaswalishe watu. Hapa tunaona utaratibu mzima: mtu hupewa kazi anayoiweza, na pale penye upungufu wenzake humsaidia.

Wanazuoni waliofuata

Utaratibu huu haukuishia zama za Maswahaba. Qatada bin Di'ama wa Basra, aliyefariki mwaka 117 Hijria kwa kauli mashuhuri, alizaliwa haoni, na leo hakuna tafsiri kubwa ya Qur'ani isiyotaja kauli zake. Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka, wanahistoria wanamtaja kuwa alikuwa chongo na kiguru, kisha mwisho wa umri wake akapofuka. Imamu al-Shatibi (538–590 Hijria), ambaye wanafunzi wa visomo hadi leo huhifadhi nadhamu yake, alikuwa kipofu.

Idadi yao ilikuwa kubwa hata al-Safadi (696–764 Hijria) akaandika kitabu kizima cha wasifu wa vipofu mashuhuri. Humo anamtaja Zayn al-Din al-Amidi wa Baghdad. Huyu kila anunuapo kitabu alikuwa akisokota karatasi kwa umbo la herufi za abjadi kuonyesha bei yake, kisha akaibandika ndani ya jalada ili aipapase kwa kidole. Hayo yalikuwa zaidi ya miaka 500 kabla ya Louis Braille kuchapisha maandishi yake ya nukta nundu mwaka 1829. Karibu na Msikiti wa al-Azhar kulijengwa zawiya ya wanafunzi vipofu katika karne ya 18. Na katika zama zetu, Sheikh Abdul-Hamid Kishk wa Misri, ambaye kanda zake zilisikilizwa hata katika nchi zetu, alikuwa haoni. Kadhalika Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia tangu 1993 hadi alipofariki 1999.

Waliwezaje? Jibu ni kuwa darsa ilisomwa kwa sikio. Sheikh alisoma, wanafunzi wakasikiliza na kuhifadhi, na mwenye kuona akamsomea asiyeona kitabu. Kwa kawaida hawakujengewa chuo cha peke yao ili wapate elimu.

Vipi kuhusu viziwi?

Hapa insafu inatulazimu tuseme ukweli. Mfumo uliomfungua mlango kipofu ulikuwa mzito kwa kiziwi. Hata hivyo upo mfano mmoja ambao wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi wanapaswa kuukumbuka. Abu al-Abbas al-Asamm wa Nishapur (247–346 Hijria), na maana ya al-Asamm ni kiziwi, alipata uziwi baada ya safari zake za kutafuta hadithi. Ndiye aliyepokea vitabu vya Imamu Shafi kutoka kwa al-Rabi' bin Sulaiman, na Musnad ya Imamu imetufikia kwa njia yake. Uzeeni alipofuka pia. Wanafunzi hawakumwacha. Walikuwa wakimtia kalamu mkononi, naye akiishika hujua kuwa wanataka riwaya, akaanza kuwasomea hadithi alizozihifadhi. Mtu asiyeona wala kusikia aliendelea kusomesha, kwa sababu wanafunzi wake walitafuta njia ya kumfikia.

Hukumu ya fiqhi

Turejee kwenye ile kauli kwamba kalamu haimwandikii. Hadithi ya watu watatu walioinuliwa kalamu inamtaja aliyelala, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili. Kipofu hakutajwa, wala kiziwi. Mafaqihi wa Kishafi katika sherehe zao wamesema kuwa aliyezaliwa akiwa kipofu na kiziwi kwa pamoja halazimiki kuswali, kwa kuwa mafunzo hayana njia ya kumfikia. Maana yake ni kuwa aliyekosa moja tu kati ya hayo mawili, na akili yake ni timamu, akibaleghe ni mukallafu. Basi mwenye kumrudisha mtoto kiziwi nyumbani amemwacha mukallafu bila ya kujua swala yake. Ni dhambi ya nani?

Na mtoto mzito wa kufahamu, fiqhi imemwekea daraja. Asiyeweza kuisoma Fatiha husoma aya saba nyingine. Asipoweza, huleta dhikri. Asipoweza hilo pia, husimama kwa kadiri ya muda wake. Haambiwi atoke katika safu.

Wajibu wetu leo

Mwaka 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kuwa shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Itakuwa aibu shule za serikali zilazimishwe na sheria kumpokea mtoto ambaye chuo cha Qur'ani kinamkataa.

Tunapendekeza kwa maimamu na walimu mambo yaliyo katika uwezo wetu. Asiyeona akae karibu na mwalimu, asomeshwe kwa sikio, apangiwe mwenzake wa kumsomea, na atafutiwe Msahafu wa nukta nundu ambao siku hizi unachapishwa. Kwa asiyesikia, angalau mwalimu mmoja katika kila mtaa ajifunze lugha ya alama, na swala ifundishwe kwa kuonyeshwa kwanza. Mzito wa kufahamu apewe aya chache na muda mrefu, wala asipimwe kwa mtihani wa wenzake. Shule zetu za Kiislamu ziwaajiri walimu waliosomea fani hii, na fedha za wakfu zitumike kwa kazi hiyo.

Aliyetiwa kalamu mkononi kule Nishapur alikuwa na wanafunzi waliomtafutia njia. Watoto wetu nao wanawahitaji walimu wa namna hiyo. Tunamuomba Allah (S.W.) atuwafikishe.

Wallahu a'lam.