Mama Mwalimu wa Parokia Yetu

Katika siku hizi za Yubile tunawakumbuka Mapadri na Masista waliotuletea Neno la Mungu. Ni haki pia tumkumbuke mama mmoja ambaye jina lake halikuchorwa juu ya jiwe lolote la msingi. Wakubwa na wadogo walimwita Mama Mwalimu. Nasi katika ukurasa huu tutamwita vivyo hivyo, kwani yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa kwa jina lingine.

Misioni za nchi yetu, kando ya ziwa Tanganika, zilianza zamani. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala, na mwaka 1893 wakaanzisha Kirungu, iliyoitwa siku zile Baudouinville. Katika nchi hiyo alikulia Stefano Kaoze, aliyepata upadri mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati zetu. Habari za wavulana waliosoma zimeandikwa mara nyingi. Habari za wasichana ni chache, na ndiyo sababu maisha ya Mama Mwalimu yanastahili kusimuliwa.

Askofu Victor Roelens alipofariki mwaka 1947, yeye alikuwa mtoto wa shule kwa Masista. Wakati huo masomo ya wasichana yalielekea zaidi kazi za nyumbani: kushona, kupika, kufua, kutunza mtoto. Kifaransa walifundishwa kidogo kuliko ndugu zao. Basi jioni, kisha kutwanga muhogo, alichukua daftari la kaka yake, akanakili maneno yote kando ya moto, hata yale asiyoyafahamu. Masista walipoona bidii hiyo, wakampeleka katika masomo ya ualimu. Nchi ilipopata uhuru, mwezi wa sita 1960, alikuwa tayari amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi.

Aliolewa, akazaa watoto wanane. Alfajiri aliwasha moto, akawaosha watoto, akaenda Misa, kisha akaingia darasani, mara nyingi akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Sisi tuliosoma kwake tulijifunza kuhesabu huku mtoto akilala katika kitenge cha mwalimu. Hakupiga kelele. Akinyamaza tu, darasa zima lilinyamaza.

Kisha yakaja majaribu. Tangu 1972 majina ya Ubatizo yalikatazwa, na mwisho wa mwaka 1974 Serikali ilitwaa shule za misioni. Misalaba iliondolewa kutani. Somo la dini likaachwa, na pahali pake likawekwa somo la siasa ya chama. Mama Mwalimu hakuacha kazi, wala hakugombana na mtu. Darasani aliwaita watoto kwa majina yaliyoandikwa katika kitabu cha shule. Lakini jioni, walipokusanyika nyumbani kwake kwa katekisimu, alimwita kila mmoja kwa jina lake la Ubatizo. Hivyo wengi wetu hatukuyasahau. Tarehe 26 mwezi wa pili 1977 Serikali na Makanisa walipatana, na usimamizi wa shule ukarudi kwa Eklezya.

Lakini jaribu lililomwumiza zaidi lilikuwa lingine. Katika miaka ya 1990 mshahara wa Serikali haukufika, au ulifika ukiwa hauwezi kununua hata kipande cha sabuni. Wazazi ndio waliopaswa kuwalisha walimu kwa michango yao, na mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Hapo mwalimu na mama waligombana ndani ya moyo mmoja. Akiwaacha wote waketi, watoto wake mwenyewe wangelala njaa. Akiwafukuza, angewafunga mlango watoto wa wajane waliouza mboga pamoja naye sokoni.

Siku moja alimrudisha msichana mmoja mwenye akili sana. Msichana yule hakuonekana tena. Mwaka uliofuata Mama Mwalimu alimtafuta hadi kijijini kwao, akamkuta amekwisha kuolewa, angali mtoto. Alirudi kimya. Tangu siku ile alilima shamba la pili, ili mavuno yake yawalipie wasio na kitu. Hata hivyo hakujisamehe upesi. Katika uzee wake alitueleza kosa hilo waziwazi, sisi wanafunzi wake, ili tusije tukadhani kwamba mwalimu mwema ni yule asiyekosa kamwe.

Vita vya miaka 1998 hadi 2003 viliwasukuma wengi wa Moba kukimbilia Zambia. Naye alikimbia pamoja nao, na kule kambini alikusanya watoto chini ya mti, akiandika kwa kijiti juu ya mchanga. Aliporudi, nywele zikiwa nyeupe, alianza tena na darasa la kwanza.

Mwaka 2019, Serikali ilipotangaza kwamba masomo ya msingi yawe bure katika shule zake, alikuwa ameketi mlangoni pake, macho yakiwa hafifu. Tulipomwarifu, aliuliza kama kweli hakuna mtoto atakayerudishwa tena nyumbani. Kisha akamtaja yule msichana, akashika rozari yake.

Leo amepumzika katika Bwana. Nyumba ya shule yetu ni ya matofali, na matofali hubomoka. Kilichoisimamisha muda wote huu ni mama kama huyu. Wasomaji wapenzi, mkipita mbele ya shule saa ya asubuhi na kukuta mtoto amesimama nje kwa kukosa mchango au daftari, msipite tu. Mwulizeni jina lake, mkamrudishe darasani. Hiyo ndiyo sala ambayo Mama Mwalimu angependa tumwombee.

Bwana ampe pumziko la milele, na mwanga wa milele umwangazie.