Programu na Mwenye Nyumba

Programu ya simu ni kama mpangaji: haina budi ipate nyumba ya kukaa. Yaweza kukaa katika mfumo endeshi, yaani programu kuu iongozayo simu; au yaweza kukaa katika tovuti, ikafunguliwa na simu yoyote yenye intaneti. Ni ipi iliyo nyumba bora? Sehemu moja ya historia ya swali hili ilitendeka huku kwetu Eastlands.

Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walianza kuijaribu M-Pesa katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Wakopaji wa Faulu Kenya walitakiwa walipe mikopo yao kwa simu. Siku zile simu zenye intaneti zilikuwa chache, na mifumo endeshi ilikuwa ya namna nyingi. Kwa hiyo mafundi waliiweka orodha ya huduma ndani ya kadi ya laini, na maagizo yakasafiri kama ujumbe mfupi. Hivyo simu hafifu ya Mathare ikatenda kazi ile ile itendwayo na simu ya tajiri. Wakopaji nao wakaanza kutumiana fedha, na M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, huduma iliyotangazwa ilikuwa kupeleka fedha nyumbani.

Mwaka huo huo Steve Jobs aliwahimiza waandishi wa programu waitumie tovuti kwa ajili ya iPhone. Lakini Julai 2008 Apple ilifungua duka lake la programu. Programu iliyomo ndani ya simu huenda kwa wepesi, na aghalabu hufanya kazi hata intaneti ikikatika. Basi duka likashinda. Tangu hapo mwenye duka ndiye aamuaye nani aingie.

Lakini hata kadi ya laini ina mwenyewe. Mwaka 2014 Equity ilitaka kutumia kadi nyembamba, ibandikwayo juu ya kadi ya laini ya mtu. Safaricom ilipinga, ikitaja usalama wa wateja. Mamlaka ya Mawasiliano ikaruhusu majaribio ya mwaka mmoja.

Basi, ewe kijana wa Kaloleni au Kayole, utakapoandika programu yako jiulize maswali mawili. Je, jirani yangu mwenye simu hafifu ataweza kuitumia? Na ufunguo wa nyumba hii anao nani? Maana mpangaji asiyemjua mwenye nyumba huenda akakuta vyombo vyake vi nje.