Wilaya ya uchaguzi ya Cartier, Montréal (1925-1968): kiti kimoja na sauti za wengi

Nchini Kanada, wajumbe wa Bunge la Shirikisho huchaguliwa mmoja mmoja, kila mmoja katika wilaya yake ya uchaguzi. Anayewapita wenzake kwa kura, hata kwa kura moja, ndiye anayekwenda Ottawa, bila kujali kama wengi wa wapiga kura walimtaka mtu mwingine. Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka Uingereza. Katiba ya mwaka 1867 iliongeza jambo la pili: baada ya kila sensa ya miaka kumi, mgawanyo wa viti na mipaka ya wilaya hutazamwa upya. Kwa hiyo wilaya za uchaguzi huko huzaliwa, hubadilishwa jina, humezwa na jirani zake, na hufa. Kiingereza cha Kanada huita wilaya ya namna hiyo riding, neno linalomfanya msikilizaji afikirie mpanda farasi. Lakini wanaisimu wanajua kwamba asili yake ni neno la kale la Waskandinavia lenye maana ya theluthi, kwa kuwa Yorkshire ya Uingereza iligawanywa zamani katika sehemu tatu.

Nyingi za wilaya zilizokufa hazikuacha kitu ila jina katika orodha. Cartier ya mjini Montréal, iliyopeleka wabunge Ottawa kuanzia uchaguzi wa mwaka 1925 hadi ilipofutwa kwa uchaguzi wa mwaka 1968, iliacha zaidi ya jina. Katika muda wa miaka arobaini na mitatu ilikuwa na wabunge sita, na wote sita walikuwa Wayahudi, katika nchi ambamo Wayahudi hawakufikia hata sehemu mbili kwa mia ya wakazi. Hakuna sheria iliyowatengea kiti hicho. Waliochora mipaka hawakuwa wakiwafikiria wao. Ni mitaa yenyewe iliyojaa watu wa aina moja, ramani ikawakuta humo.

Mitaa hiyo ilikuwa kandokando ya barabara ya Saint-Laurent, ambayo tangu zamani huugawa mji wa Montréal kati ya mashariki na magharibi, hata nambari za nyumba huanzia hapo. Kwa mazoea ilihesabiwa pia kuwa mpaka wa lugha: Kifaransa mashariki, Kiingereza magharibi. Wahamiaji waliotoka katika dola ya Urusi, Poland na Rumania kuanzia mwisho wa karne ya 19 waliingia katikati, penye vyumba vya bei nafuu na karakana za nguo, na wakaleta lugha ya tatu. Kiyidishi kilikuwa na gazeti lake la kila siku, Keneder Adler, lililoanzishwa mwaka 1907. Kilikuwa na shule, maktaba na washairi. Katika sensa ya mwaka 1931 karibu Wayahudi wote wa Montréal walikitaja kuwa lugha ya mama. Mtu aliyetaka kura za Cartier alipaswa kuwa na la kusema katika lugha tatu, na wasemaji wa kila moja walikuwa na habari zao, hofu zao na viongozi wao.

Jina la wilaya lilitokana na George-Étienne Cartier, mmoja wa waasisi wa shirikisho la mwaka 1867. Yafaa kukumbusha kwamba mheshimiwa huyo mwenyewe alishindwa Montréal-Mashariki mwaka 1872, akalazimika kutafutiwa kiti katika jimbo la mbali la Manitoba.

Mbunge wa kwanza, Samuel William Jacobs, alikuwa wakili na Mliberali. Alikuwa bungeni tangu 1917 kwa ajili ya wilaya iliyotangulia, na alibaki hadi kifo chake mwaka 1938. Uliberali wa Jacobs ulikuwa ule wa heshima na subira: kuzungumza na mawaziri faraghani, kuandika barua, kuomba. Subira hiyo ilipimwa na miaka ya Hitler. Pamoja na wabunge wengine wawili Wayahudi, A. A. Heaps wa Winnipeg na Samuel Factor wa Toronto, aliiomba serikali ya Mackenzie King, serikali ya chama chake mwenyewe, iwafungulie mlango wakimbizi. Mlango haukufunguliwa. Wanahistoria Irving Abella na Harold Troper, katika kitabu chao cha mwaka 1982, walionyesha kwamba kati ya 1933 na 1945 Kanada ilipokea wakimbizi Wayahudi wasiofika 5.000, idadi ndogo kupita kiasi ikilinganishwa na nchi nyingine za Magharibi. Wapiga kura wa Cartier walikuwa na ndugu katika miji iliyokuwa ikiangamizwa. Walikuwa na mbunge, mbunge alikuwa upande wa serikali, na haikuwasaidia. Mambo ya mwaka 1943 hayaelezeki vizuri bila kuanzia hapa.

Kulikuwa pia na jambo la mkate. Karakana za nguo zililipa kidogo, zikifanyisha kazi kwa saa nyingi. Mnamo Aprili 1937 washonaji wapatao 5.000, wengi wao wanawake Wakanada-Wafaransa, waligoma na wakashinda. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Léa Roback, Myahudi aliyezungumza Kifaransa, Kiingereza na Kiyidishi kwa ufasaha sawa. Mwaka huohuo serikali ya jimbo la Québec, chini ya Maurice Duplessis, ilipitisha ile iliyoitwa Sheria ya Kufuli, iliyomruhusu mwanasheria mkuu wa jimbo kuifunga nyumba yoyote iliyotumiwa kueneza ukomunisti. Sheria haikueleza ukomunisti ni nini. Ilibatilishwa na Mahakama Kuu ya Kanada mwaka 1957 tu, baada ya miaka ishirini.

Fred Rose, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Rosenberg, alizaliwa Lublin, Poland, mwaka 1907, akaletwa Montréal akiwa bado mtoto, akawa fundi umeme na Mkomunisti. Mwaka 1935 aligombea Cartier dhidi ya Jacobs, Léa Roback akiiongoza kampeni yake, akashindwa. Chama chake kilipigwa marufuku mwaka 1940, na mwaka 1942 yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini kwa muda. Peter Bercovitch, mrithi wa Jacobs, alipofariki Desemba 1942, kiti kikawa wazi wakati ambapo Urusi ilikuwa rafiki wa Kanada vitani na jina la Stalingrad lilikuwa midomoni mwa watu wote.

Uchaguzi mdogo wa tarehe 9 Agosti 1943 unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwani wagombea wakuu wanne walibeba kila mmoja jibu lake kwa swali la vita. Waliberali walimsimamisha Lazarus Phillips, wakili mashuhuri. Chama cha kisoshalisti cha CCF kilimtoa katibu wake wa taifa, David Lewis, mtoto wa mtaa huo aliyefika kutoka mashariki ya Ulaya mwaka 1921 bila kujua Kiingereza, kisha akasomea Oxford. Ndiye aliyekuja kuongoza chama cha New Democratic kuanzia 1971. Bloc populaire, chama kipya cha Wakanada-Wafaransa waliopinga kuandikishwa jeshini kwa lazima, kilimweka Paul Massé. Katika kura ya maoni ya Aprili 1942 zaidi ya sehemu saba kwa kumi za wapiga kura wa Québec walikuwa wamekataa kuifungua serikali na ahadi yake kuhusu jambo hilo, hali nchi nyingine yote ilikubali. Rose alisimama kwa jina la Labor-Progressive, vazi halali ambalo Wakomunisti walikuwa wakijishonea majira yaleyale.

Rose alishinda kwa tofauti ya kura zipatazo 150 tu dhidi ya Massé. Hakupata hata theluthi moja ya kura zote. Phillips alikuwa wa tatu, Lewis wa nne. Siku hiyohiyo Waliberali walipoteza chaguzi ndogo zote nne zilizofanyika nchini. Wengi wameuandika ushindi huo kana kwamba Cartier nzima iligeuka kuwa nyekundu. Hesabu haikubali. Kilichotokea ni kwamba wasemaji wa Kifaransa wengi walikusanyika nyuma ya mtu mmoja, na wengine wakagawanyika kwa watatu. Miongoni mwa hao watatu, wengi kiasi walimchagua yule aliyeonekana kumchukia Hitler kwa sauti kubwa zaidi. Hata hivyo, haifai kuufanya uwe bahati tupu, kwa maana katika uchaguzi mkuu wa Juni 1945, vita vikiwa vimekwisha Ulaya, Rose alichaguliwa tena.

Miezi mitatu haikupita. Tarehe 5 Septemba 1945 Igor Gouzenko, karani wa maandishi ya siri katika ubalozi wa Urusi mjini Ottawa, alitoroka na hati zaidi ya mia moja. Jina la Rose lilikuwemo. Alikamatwa usiku wa tarehe 14 Machi 1946, akashtakiwa kwamba alishiriki kuwapitishia Warusi habari za siri, hasa zile za baruti mpya ya RDX alizokuwa nazo Raymond Boyer, mkemia wa Chuo Kikuu cha McGill. Juni 1946 alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Tarehe 30 Januari 1947, rufaa yake ikiwa imekwisha kukataliwa, Bunge lilitangaza kwamba hawezi kuketi humo tena.

Vitabu vingi vinavyosimulia kisa hiki hufuata nyayo za wapelelezi, na Cartier yenyewe hutoweka katika masimulizi. Lakini tangu hukumu ya Juni 1946 hadi uchaguzi mdogo wa tarehe 31 Machi 1947, wakazi wa wilaya hiyo hawakuwa na mtu wa kuwasemea Ottawa. Hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Miezi hiyo ndiyo iliyokuwa ya maombi ya viza, ya orodha za walionusurika katika kambi za Ulaya, ya barua za kutafuta ndugu. Bunge lilikuwa na haki ya kumtoa Rose. Kwamba lilikawia namna ile kuwarudishia watu kiti chao ni jambo ambalo halikuwasumbua wengi nje ya mtaa wa Saint-Laurent.

Rose alitoka gerezani mwaka 1951, akahamia Ulaya, akanyang'anywa uraia wa Kanada mwaka 1957, akafia Warszawa mwaka 1983.

Kiti kilirudi kwa Waliberali: kwanza kwa Maurice Hartt, na baada ya kifo chake mwaka 1950 kwa Leon Crestohl. Katika uchaguzi wa 1949 aliyegombea kwa CCF na kushindwa vibaya alikuwa mshairi A. M. Klein, mmoja wa washairi wakubwa wa Kanada kwa Kiingereza, aliyekulia mitaa hiyohiyo. Baada ya hapo Cartier ilitulia, na sababu ya utulivu ilionekana barabarani. Waliofanikiwa walihama kwenda magharibi, Snowdon, Côte-des-Neiges, Côte Saint-Luc. Nyumba zao zikachukuliwa na Wagiriki, na kuanzia miaka ya 1950 na Wareno. Watoto wa wasemaji wa Kiyidishi walikuwa wakizungumza Kiingereza.

Hadi wakati huo mipaka ilikuwa ikichorwa na wabunge wenyewe, kila chama tawala kikiangalia faida yake. Sheria ya mwaka 1964 ilikabidhi kazi hiyo kwa tume huru, moja kwa kila jimbo. Tume ya Québec ilitazama idadi ya watu. Katika mgawanyo mpya wa mwaka 1966 Cartier haikuwemo, na maeneo yake yaligawiwa wilaya za jirani. Wapiga kura waliohamia magharibi walikuwa tayari katika wilaya ya Mont-Royal, ambayo mwaka 1965 ilimchagua Pierre Elliott Trudeau.

Mbunge wa mwisho wa Cartier, Milton Klein, alichaguliwa mwaka 1963. Mwaka uliofuata aliwasilisha bungeni mswada wake binafsi dhidi ya uchochezi wa mauaji ya kimbari. Mswada haukupita, lakini mapema mwaka 1965 serikali iliunda kamati chini ya Maxwell Cohen, mkuu wa kitivo cha sheria cha McGill, kuchunguza uenezaji wa chuki. Kamati ilitoa ripoti mwaka 1966, mwaka uleule ambao wilaya ilifutwa katika ramani. Sheria yenyewe, inayokataza kutetea mauaji ya kimbari na kuchochea chuki hadharani dhidi ya jamii fulani, ilipitishwa mwaka 1970, wakati ambapo kiti cha Cartier kilikuwa kimeondolewa bungeni tangu miaka miwili.