Kizimkazi ilivyoweka chusa chini

Kabla ya mwaka 1996, pomboo aliyeibuka mbele ya chombo cha Kizimkazi alikuwa chambo. Wavuvi walimpiga chusa au wakamzungushia nyavu, wakamkatakata, na minofu yake ikatiwa kwenye ndoana za dhulumati, ile kamba ndefu ya kuvulia, kumngoja papa. Papa ndiye aliyekuwa na bei. Nyama yake ilitiwa chumvi ikaanikwa, mapezi yakasafirishwa hadi Asia ya Mashariki, na ini lake likatoa sifa, yaani mafuta ya kupaka vyombo vya mbao. Pomboo alikuwa gharama ya kumpata papa, basi.

Leo kijiji hichohicho, kilichoko kusini mwa Unguja, kinajulikana duniani kwa pomboo walio hai. Asubuhi mapema gari za watalii zinaingia kutoka Mji Mkongwe, Paje, Jambiani na hata Nungwi, upande wa pili kabisa wa kisiwa. Wageni wanagaiwa miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na jaketi la kuokolea, wanapandishwa boti yenye mashine nyuma na turubai juu, na safari inaanza. Saa chache baadaye wamesharudi, nguo zinachuruzika maji, wanaulizia chakula. Ni matembezi mafupi. Historia yake nayo ni fupi, haijafika hata miaka arobaini, ila imebeba mambo ambayo mtu aliyekaa ubavuni mwa boti akitafuta pezi hawezi kuyaona.

Kizimkazi yenyewe ni kongwe. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladia, na jengo lenyewe limejengwa upya mara kadhaa tangu wakati huo. Wageni wengi wanaupita bila kugeuza shingo, wakikimbilia pwani. Hilo linaniuma kidogo, lakini si mada yetu leo.

Wazo la kumtoza mtu pesa ili amtazame mnyama wa baharini halikuzaliwa kwetu. Mwaka 1955, huko San Diego, California, mvuvi mmoja alianza kuwachukua watu kwa dola moja kwenda kuangalia nyangumi wa kijivu wakipita karibu na pwani. Kisha ikaja filamu ya Flipper mwaka 1963, ikafuatiwa na mfululizo wa televisheni wa jina hilohilo kuanzia 1964, na pomboo akaingia sebuleni mwa Wamarekani na Wazungu kama rafiki wa watoto, mwerevu, mwenye kucheka muda wote. Hacheki. Taya lake ndilo lililoumbwa hivyo, na linabaki hivyo awe na raha au awe anakata roho. Lakini sura ile ilishakaa vichwani mwa watu, na kizazi kilicholelewa nayo ndicho kilichoanza kushuka Zanzibar katika miaka ya 1980 na 1990, wakati bei ya karafuu imeanguka na serikali inafungua milango ya utalii ili ipate pesa za kigeni kwa njia nyingine.

Safari za kuangalia pomboo Kizimkazi zilianza mwaka 1992. Ukiitazama tarehe hiyo pamoja na ile ya 1996, utaona kwamba kwa miaka minne biashara mbili zilikwenda sambamba katika maji yaleyale: pomboo huyu anaoneshwa, yule anachomwa chusa. Haikuwezekana kudumu. Pomboo wa chambo aliuzwa mara moja, tena kwa kupitia papa ambaye huenda asije. Pomboo wa kuoneshwa aliuzwa leo, kesho na mtondo, na pesa zilikuja taslimu, kabla chombo hakijatoka ufukweni. Wavuvi wa Kizimkazi si watu wa kufundishwa hesabu. Uwindaji ulikoma wenyewe, bila doria na bila mtu kupelekwa mahakamani, na nadhani hapo ndipo penye sifa kubwa ya kijiji hiki. Tumezoea kusimuliwa kwamba uhifadhi ni kitu kinacholetwa na mtaalamu kwa gari la mradi. Hapa, wavuvi walishaona faida yake kabla ya watu wa miradi.

Gari la mradi lilikuja, lakini baadaye. Mwaka 1997 serikali, ikisaidiwa na shirika la WWF, ilitangaza Hifadhi ya Ghuba ya Menai, eneo la kilomita za mraba 470 linaloanzia visiwa vya upande wa Fumba hadi maji ya Kizimkazi. Shabaha yake ya kwanza haikuwa pomboo. Ilikuwa baruti, nyavu za kukokota zinazosomba kila kitu, na ugomvi wa wenyeji na wavuvi wa dago wanaohamia kwa msimu. Vijiji vikaunda kamati, doria zikaanza, na mgeni anayetoka na boti akatakiwa kulipa ada ya hifadhi. Pomboo walikuta ulinzi umeshawekwa kwa sababu nyingine.

Watafiti nao walikuwa wameanza kuja. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, iliwatoa Omar Amir na Narriman Jiddawi; kutoka Uswidi wakaja Per Berggren na Eva Stensland. Kazi yao ilikuwa ya subira: kukaa baharini na kupiga picha mapezi ya mgongoni, moja moja, kwa sababu pezi la kila pomboo lina mikato na makovu yake, na mtu aliyezoea anamtambua mnyama kwa hayo. Kwa picha hizo walikadiria kwamba kati ya mwaka 1999 na 2002 maji ya kusini mwa Unguja yalikuwa na pomboo wa kawaida, wale wenye mdomo kama shingo ya chupa, kati ya 136 na 179. Walikuwepo pia wa aina ya pili, wenye nundu mgongoni, wasiopenda vishindo, na hao hawakufika hata sabini.

Zisome tena hesabu hizo. Biashara nzima ya kijiji, mapato ya boti, migahawa, nyumba za wageni na madereva wanaotoka mjini, imekaa juu ya migongo ya wanyama wasiojaza ukumbi wa harusi. Tena si wanyama wanaozaana kwa haraka. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, humnyonyesha kwa zaidi ya mwaka, na huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Wala usidhani wakipungua watakuja wengine kutoka kaskazini. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba pomboo wa kaskazini na wa kusini mwa Unguja ni makundi mawili tofauti, ingawa umbali baina yao ni wa kilomita kama themanini tu.

Sasa tuje kwenye boti. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa chache, na wageni walikuwa watu wa mikoba ya mgongoni wasio na haraka. Utalii ulipokua, safari ya pomboo ikaingia kwenye ratiba za hoteli na kwenye midomo ya papasi, wale madalali wa watalii wa Mji Mkongwe, ambao kila mmoja ana kamisheni yake. Papasi hauzi bahari. Anauza uhakika: utawaona, utaogelea nao, utawagusa. Mgeni akishalipa kwa ahadi hiyo, mzigo unamwangukia nahodha, ambaye hakuitoa. Anatoka asubuhi na boti nyingine kadhaa, kundi moja la pomboo linaonekana, na mbio zinaanza. Mashine zinaunguruma, boti zinawakata njia mbele, nahodha anapiga kelele "rukeni!", wageni wanajitupa majini, pomboo wanazama, wageni wanarudi botini wakihema, na mbio zinaanza upya. Anayewahi mbele ndiye atakayepata bakshishi. Siku kundi likiwa moja na boti ni nyingi, huwezi tena kusema nani anamtazama nani.

Madhara yake yamepimwa. Mwaka 2010 Fredrik Christiansen na wenzake walichapisha walichokiona Kizimkazi. Pasipo boti za watalii, pomboo walitumia asilimia 38 ya muda wao kupumzika. Boti zilipokuwepo, asilimia 10. Muda wa kutafuta chakula ulishuka kutoka asilimia 19 hadi 10, na ule wa kuchangamana wao kwa wao kutoka 10 hadi 4. Muda wa kusafiri, ambao hapa maana yake hasa ni kukimbia, ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 77. Mama anayenyonyesha, asiyelala wala kula vya kutosha, na huku anaogelea robo tatu ya muda boti zikiwepo: hahitaji kuchomwa chusa ili adhoofike.

Kwa haki ni lazima tuseme kwamba boti siyo adui pekee, wala siyo mkubwa kuliko wote. Jarife linalotegwa usiku kwa ajili ya papa, jodari na nguru linamnasa pomboo pia, naye, kama mimi na wewe, anavuta hewa kwa mapafu. Akikwama chini, anakufa maji. Tafiti za Amir na wenzake katika miaka ya 2000 zilionyesha kwamba waliokuwa wakifa nyavuni walizidi kiwango ambacho makundi madogo kama haya yanaweza kukihimili, na vifaa vidogo vya kutoa sauti vya kuwafukuza wasikaribie nyavu vikajaribiwa. Kisha kulikuwa na tarehe 28 Aprili 2006, siku ya Ijumaa, pomboo kwa mamia walipokutwa wamekufa kwenye maji mafupi ya pwani ya Nungwi na Kendwa. Wako waliozishuku sauti za manowari, lakini ushahidi wa kulithibitisha hilo haukupatikana. Picha za mizoga ile zilizunguka dunia nzima. Kwa wengi huko nje, ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba Zanzibar ina pomboo.

Jirani zetu wa Shimoni na Wasini, kusini mwa Kenya, wana biashara kama hii katika maji ya Kisite-Mpunguti. Wao waliikuta hifadhi ya taifa imeshatangazwa tangu miaka ya 1970, kwa hiyo askari wa wanyamapori walikuwepo kabla ya msongamano wa boti. Pomboo wa huko ni sehemu ya siku nzima: jahazi, matumbawe, kisha kaa na wali Wasini. Asiyewaona harudi akidai pesa zake, kwa sababu bado amepata siku yake. Hilo ni jambo dogo, ila lina maana kubwa kwa nahodha.

Kizimkazi hakukosekani kanuni. Mwaka 2007 jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, ilichapisha kitabu kizima kuhusu utalii endelevu wa pomboo katika Afrika Mashariki, kilichotokana na utafiti wa maji haya. Manahodha wamefundishwa, tena zaidi ya mara moja: nenda polepole, wajie ubavuni siyo mbele, boti zisizidi mbili kwa kundi, wenye watoto waache. Waulize pwani, watakusomea zote bila kukosea. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisimamia saa mbili asubuhi, wakati boti ya jirani imeshaingia mbio na wageni wako wanakutazama usoni.

Kwingine wameamua kukata mzizi. New Zealand ilipiga marufuku kuogelea na pomboo wenye mdomo wa chupa katika Bay of Islands mwaka 2019, baada ya idadi yao kuporomoka. Mwaka 2021 Marekani ilikataza mtu au boti kuwakaribia pomboo wa Hawaii wanaolala mchana kwa umbali wa chini ya mita 45 hivi. Sisemi Kizimkazi ifuate kesho asubuhi. Hiki ni kijiji kinachosomesha watoto kwa kuogelea na pomboo. Lakini kuogelea ndiko kunakozua mbio. Mgeni wa kutazama tu anatosheka boti ikiwa mbali kidogo na mashine imezimwa. Wa kuogelea ni lazima ashushwe juu ya vichwa vyao. Kwa maoni yangu, kuogelea ndiko kwa kuanzia kukata, na safari zenyewe zibaki.

Pomboo wa nundu sasa wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na wa maji yetu walikuwa wachache tangu walipohesabiwa. Basi msomaji ukipanga kwenda Kizimkazi, au ukipokea wageni kutoka bara au ng'ambo, nenda wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, panga boti pwani penyewe kwa nahodha utakayemwona kwa macho, na mwambie kabla hamjaondoka kwamba hamtaki mbio wala kuruka majini. Msipowaona, mlipe bei ileile. Na akizima mashine mbali na kundi wakati wengine wanafukuza, msimnung'unikie: bakshishi mpeni huyo.